Tulitoka Kwenye Shirika, Hatukuwatoka Manusura

Yapo maneno yanayosemwa juu yetu hapa Mpanda, na kwa kuwa yanasemwa hata kwenye viwanja vya kanisa baada ya ibada, tumeona yajibiwe kwa maandishi. Inasemwa kwamba sisi, mchungaji na washarika wanne tuliokuwa tukihudumu katika shirika moja la kuwasaidia manusura wa ukatili wa kijinsia, tumewasaliti mabinti. Inasemwa kwamba Mkristo wa kweli hatoki, huvumilia. Wengine wamesema tumevunja amri ya nane kwa kuwachafua viongozi wa shirika lile. Wengine, wenye nia njema kabisa, wametuuliza swali zito kuliko yote: mkishatoka ninyi, nani atabaki na hao watoto?

Shirika hatutalitaja jina, wala kiongozi wake. Wanaotufahamu wanajua, na asiyejua hahitaji kujua ili aelewe hoja yetu. Tunalotaka kusema ni hili: kuondoka katika chombo cha kuwasaidia waliojeruhiwa, pale uongozi wake unapokataa kusahihishwa, si usaliti. Kuna wakati kubaki ndiko kunakokuwa usaliti. Na fundisho linalowaambia waumini wavumilie kila kitu kinachofanywa kwa jina la huruma halitoki katika Maandiko.

Kwanza tuseme kwa nini huduma hii inahitajika, asije mtu akadhani tunaidharau. Mkoa wetu wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Ni mkoa wa mpunga na mahindi, wa mifugo, wa wachimbaji wadogo wa dhahabu, wa makazi makubwa ya Katumba na Mishamo ambako ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walijenga upya maisha yao. Ni mkoa wenye baraka nyingi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba hapa Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Tuliongoza nchi nzima. Hatusemi kila mmoja wao alibakwa. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye ofisi ya ustawi wa jamii hata kwa asubuhi moja anajua kwamba ndani ya hesabu hiyo wamo watoto wengi ambao hawakuulizwa chochote.

Kwa hiyo shirika lile lilipoanza tulishukuru Mungu. Tulitangaza madhabahuni. Kina mama wa usharika walitoa vitenge, sabuni na nguo za watoto. Kwenye mnada wa mazao baada ya ibada, magunia ya mahindi na mpunga yaliwekwa kando kwa ajili ya nyumba ya mabinti. Sisi watano tukaingia katika kamati yake. Na kiongozi wa shirika, tuseme kwa haki, si mtu mvivu. Ameamka usiku mara nyingi, amepanda bodaboda na binti anayetokwa damu hadi hospitali, ametumia fedha yake mwenyewe kabla mfadhili yeyote hajatokea. Hakuna anayeweza kumnyang'anya hayo. Tunayaeleza kwa makusudi, kwa sababu watu wengi hudhani uongozi hauwezi kupotoka mpaka uwe wa watu wabaya. Wachungaji wa Israeli ambao Ezekieli aliwakemea katika sura ya 34 hawakuwa wezi waliovamia zizi usiku. Walikuwa wachungaji halali, wenye fimbo halali, waliofika mahali wakaanza kujilisha wenyewe.

Mambo yaliyotutoa ni matatu.

La kwanza ni ushuhuda wa kulazimishwa. Kila walipokuja wageni, mabinti waliwekwa benchi la mbele. Kila mmoja alisimama, akataja jina lake na kijiji chake, akaeleza alichofanyiwa na nani, simu za wageni zikiwa zimeinuliwa zinapiga picha. Hakuna aliyefungwa kamba, ni kweli. Lakini mtoto anayekula na kulala pale kwa hisani yako, ukimwambia "simama uwaeleze wageni", anaweza kukujibu nini? Mmoja wao, siku chache baadaye, alikwenda kuchota maji bombani akasikia wanawake wakimtaja kwa mkasa wake, si kwa jina lake. Hakurudi tena kwenye lile bomba. Tuliuliza kwenye kikao kama ni lazima. Tukajibiwa kwamba wafadhili hawatoi kwa makaratasi, wanatoa kwa machozi.

La pili ni "usuluhishi". Mwanafunzi mmoja alipewa mimba. Familia ya kijana ikaja na ng'ombe, familia ya binti ikakubali, wazee wakaketi. Haya tunayajua wote, yanaitwa kumalizana nyumbani. Ambalo hatukulitegemea ni kukuta mtumishi wa shirika ameketi katika kikao kile na kutia sahihi kama shahidi, kisha jalada likafungwa kwa neno "imesuluhishwa" na kuingizwa katika taarifa ya mwaka miongoni mwa mafanikio. Sheria ya nchi hii haitambui ridhaa ya mtoto katika jambo hilo, na tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo. Ng'ombe walihesabiwa, binti hakuulizwa. Tulipohoji tuliambiwa kwamba kesi ingeleta uhasama na shirika lingepoteza ushirikiano wa vijiji.

La tatu ni hesabu. Mkutano mkuu wa mwaka uliotajwa kwenye katiba ya shirika haukuitishwa. Magunia tuliyopeleka hayakuwa na risiti. Taarifa ya fedha ilisomwa kwa mdomo, na nusu ya matumizi iliitwa "gharama za ofisi". Hatusemi fedha ziliibwa, maana hatuna ushahidi huo, na kumshuhudia mtu uongo ni dhambi. Tunasema hazikuonyeshwa. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika kuandaa kila mwaka taarifa ya shughuli na ya ukaguzi wa hesabu, na kuweka taarifa za shughuli zake wazi kwa umma na wadau. Tulipoikumbusha kamati sheria hiyo tukaambiwa: "Shirika hili nimelianzisha mimi kwa jasho langu."

Ukiyaweka mambo haya pamoja utaona yana mzizi mmoja. Mbele ya wageni binti aliambiwa aseme. Mbele ya polisi aliambiwa anyamaze. Inaonekana kama maelekezo mawili yanayopingana, lakini ni lile lile: sauti yake si yake. Inafunguliwa inapoleta fedha na inafungwa inapoleta usumbufu. Na aliyemtendea ukatili mara ya kwanza alifanya nini kama si hicho hicho, kuamua juu ya mwili wake na mdomo wake bila yeye?

Soma tena habari za Tamari katika 2 Samweli 13. Tumezoea kumtaja Amnoni, na ni sawa, maana ndiye aliyetenda. Lakini mwangalie Absalomu. Absalomu alimpokea dada yake nyumbani kwake. Alimpa mahali pa kukaa. Kwa lugha ya leo alimpa makazi salama. Na papo hapo akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu. Daudi naye, Maandiko yanasema, alikasirika sana. Alikasirika na hakufanya kitu. Tamari akakaa ukiwa katika nyumba ya kaka yake. Ana paa, ana chakula, hana sauti. Huo ndio mfano wa kibiblia wa shirika linalohifadhi manusura na kulinda jina lake kwa wakati mmoja, na Biblia haiuandiki kama mfano wa kuigwa. Miaka miwili baadaye Amnoni aliuawa, na baada ya hapo ufalme wenyewe ukagawanyika kwa vita. Ukimya ule haukuleta amani hata kwa wale waliouagiza.

Sasa tujibu hoja za ndugu zetu moja baada ya nyingine.

Wanasema: hata Bwana Yesu alimwita hadharani mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, ili ashuhudie. Ni kweli, Marko 5. Lakini endelea kusoma sura hiyo hiyo, usiishie katikati. Mwanamke yule alikuwa mtu mzima, alikuja mwenyewe, na Bwana hakumtaka aeleze ili mtu mwingine atoe fedha. Alimwita ili umati ujue kwamba huyu waliyemhesabu najisi ni binti yake, na amekwenda na amani. Kisha Bwana akafika kwa Yairo, ambako kuna mtoto wa miaka kumi na miwili. Hapo alifanyaje? Aliwatoa watu wote nje. Akabaki na baba, mama na wanafunzi watatu. Alipomwinua yule msichana akaagiza sana mtu yeyote asijue, akasema apewe chakula. Kwa mtoto Yesu alifunga mlango na kuagiza chakula. Sisi tunafungua mlango, tunaita kamera, halafu chakula kinategemea picha zimetoka vizuri kiasi gani. Hata Serikali imeliona jambo hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Ni aibu kwa Kanisa kufundishwa na Bunge jambo ambalo Marko alishaliandika.

Wanasema: amri ya nane. Tumeijifunza wote kipaimara. Katekisimu Ndogo inatufundisha kumtetea jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Lakini Luther huyo huyo, katika Katekisimu Kubwa, anatofautisha. Dhambi ya siri isitangazwe, mtu amwendee ndugu yake kama Mathayo 18 inavyoagiza. Lakini penye ubaya ulio wazi, kuusema wazi si masingizio. Na anaongeza kwamba wapo watu ambao wajibu wao wenyewe unawalazimu kusema: watawala, wahubiri, baba na mama. Sisi tuliingia katika kamati ile kama wasimamizi. Msimamizi anayenyamaza ameacha kazi yake, hata akiendelea kukalia kiti. Tena tuulize, jirani ambaye amri ya nane inamlinda ni nani? Je, ni kiongozi peke yake? Binti wa bombani si jirani? Jina lake halina thamani?

Tulifuata Mathayo 18 hatua kwa hatua. Tulimwendea kiongozi faraghani. Tukarudi tukiwa na mashahidi wawili. Tukaandika barua mbili, kila moja ikieleza jambo, tarehe na marekebisho tunayoomba. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa maneno kwamba "watu wa kanisa wanaleta siasa". Anayesema tuliondoka kwa hasira ya siku moja hajui kalenda ya mambo haya.

Wanasema: umoja. Penye wengi pana mengi, mngevumiliana. Ndugu zetu, umoja wa Kanisa ni mwili wa Kristo, nao hatuwezi kuutoka. Lakini shirika si mwili wa Kristo. Ni chombo, kama jembe. Jembe likikatika mpini hatusemi mkulima amekosa uaminifu kwa kuliweka chini na kuchukua lingine. Paulo na Barnaba walitofautiana vikali juu ya Marko hadi wakaachana njia (Matendo 15). Mmoja alikwenda Kipro, mwingine Shamu na Kilikia, na Injili ikahubiriwa kote kuwili. Na pale wajane wa Kiyunani walipoachwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6), mitume hawakuwaambia walalamikaji kwamba wanavunja umoja. Waliita mkutano, wakabadili utaratibu, wakawachagua watu saba wenye sifa njema. Manung'uniko ya wajane ndiyo yaliyozaa ushemasi. Kama mitume wangewaita waasi, leo tusingekuwa na mashemasi.

Wala si sisi wa kwanza kufika kwenye njia panda hii. Mwaka 2014 Papa Francis aliunda tume ya kuwalinda watoto dhidi ya udhalilishaji ndani ya kanisa lake. Mmoja wa wajumbe alikuwa Marie Collins wa Ireland, ambaye mwenyewe alidhalilishwa na padre wa hospitali mjini Dublin akiwa na miaka 13. Tarehe 1 Machi 2017 alijiuzulu. Hakusema tume haina kazi. Alisema wazi kwamba mapendekezo ya tume yalikuwa yakikwama kwa maofisa wa Vatikani, na kwamba ofisi moja ilikataa hata jambo dogo la kuhakikisha kila manusura aliyeandika barua anajibiwa. Kwake hilo lilikuwa limevuka mpaka. Na baada ya kutoka hakuiacha kazi. Aliendelea kushiriki katika mafunzo ya viongozi wa kanisa juu ya manusura. Hatulisemi hili kuwanyoshea kidole ndugu zetu Wakatoliki, ambao hapa Katavi ndio wengi na ndio tunaozika nao na kuoza nao. Tunalisema kwa sababu mama yule alibaki muumini, akabaki mtetezi, akatoka kwenye meza. Mambo hayo matatu yanawezekana pamoja.

Mfano wa pili uko jirani. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007/08, Kenya iliunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ili kuwasikiliza walioumizwa na dhuluma za miaka mingi. Mwenyekiti wake alikuwa Balozi Bethuel Kiplagat, mtu mwenye heshima kubwa katika usuluhishi wa Afrika, aliyewahi kuwa kiongozi katika Baraza la Makanisa la Kenya. Lakini manusura wa mauaji ya Wagalla, yaliyotokea Wajir Februari 1984, walihoji uhusika wake, kwa kuwa wakati ule alikuwa katibu mkuu serikalini na alikuwa katika ujumbe wa maofisa uliofika Wajir siku chache kabla. Yeye alikana kufanya kosa. Makamu wake, mwanasheria Betty Murungi, hakujifanya hakimu wa jambo lile. Aliona tu kwamba tume ya kuwasikiliza manusura haiwezi kuongozwa na mtu ambaye manusura hao wanataka aulizwe maswali. Aprili 2010 aliacha umakamu, na Septemba mwaka huo akaacha ukamishna kabisa. Novemba mwenyekiti alikaa kando, ingawa baadaye alirudi. Angalieni alivyoondoka yule mama: kwanza alishuka cheo, akangoja, kisha akatoka. Huyo si mtu wa kukurupuka.

Wanasema: mkiyasema haya wafadhili watakimbia, mabinti watalala njaa. Hoja hii inatuuma kuliko zote, kwa hiyo tuijibu bila kuzunguka. Kama chakula cha mtoto kinategemea sisi kuficha kwamba picha yake inauzwa, basi hicho si chakula cha huruma, ni ujira, na aliyeufanyia kazi ni yeye. Na mfadhili anayekimbia kwa sababu ameombwa kuona risiti, au kwa sababu ameambiwa hakuna picha, alikuwa mfadhili wa nini? Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakusema "niaminini, mimi ni mtume". Katika 2 Wakorintho 8 alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, kusudi mtu asipate la kulaumu katika ule ukarimu. Mtume mwenyewe, aliyemwona Bwana njiani kwenda Dameski, hakutaka kubeba mfuko peke yake. Sisi ni nani?

Na sisi Walutheri tuna historia yetu katika hili, ambayo ingefaa ifundishwe kwa kila mzee wa kanisa. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig nchini Ujerumani ulitunga utaratibu wa sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini, yatima na wasiojiweza, na Luther akauandikia dibaji. Wasimamizi walikuwa kumi, wa kuchaguliwa kila mwaka: wawili kutoka kwa mabwana, wawili kutoka baraza la mji, watatu raia wa mjini, watatu wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa la kufuli nne, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Mara tatu kwa mwaka hesabu ilitakiwa kusomwa mbele ya mkutano wa parokia nzima. Huo ndio usimamizi tulioachiwa na Matengenezo ya Kanisa miaka mia tano iliyopita: hata wakulima wana ufunguo. Utaratibu ule haukumwita mtu yeyote mwizi. Ulijua tu kwamba mtu mwema naye hulindwa na kufuli la pili. Leo katika mashirika yetu ya huruma ufunguo ni mmoja, unaning'inia shingoni mwa mwanzilishi, na ukiuliza wa pili unaitwa adui wa huduma.

Limebaki swali lile zito. Mkitoka ninyi, nani atabaki na watoto?

Tunajibu kwanza kwa swali: tulipokuwa ndani, tulibaki nao kweli? Mjumbe wa kamati asiyeruhusiwa kuona jalada, asiyesikilizwa anapokataa picha, ambaye jina lake hata hivyo linaandikwa kwenye barua ya kuomba fedha ili kanisa lionekane limeridhia, huyo habaki na watoto. Anabaki na barua. Kuwepo kwetu kulikuwa kumegeuka kuwa muhuri. Watu walitoa kwa sababu mchungaji yumo. Wazazi walimwacha binti pale kwa sababu kina mama wa kanisa wamo. Muhuri ukigongwa juu ya jambo ambalo huwezi kulithibitisha, kuuondoa ni wajibu.

Pili, tunajibu kwa matendo. Siku tulipotoka tulikabidhi kwa maandishi kila kitu cha shirika tulichokuwa nacho, hatukuchukua jalada hata moja wala orodha ya majina, maana habari za wale mabinti si mali yetu kama zisivyokuwa mali ya shirika. Yale tuliyoyajua juu ya yule mwanafunzi tuliyapeleka Dawati la Jinsia na kwa afisa ustawi wa jamii, ambako yalitakiwa kuwa tangu mwanzo. Hatukuanzisha shirika jingine la kushindana. Tulikataa kishawishi hicho, kwa kuwa ugonjwa wa ufunguo mmoja huambukiza, na mwenye kuondoka akiwa na uchungu huweza kuujenga upya kwa jina jipya. Badala yake tunafanya mambo madogo. Kina mama wawili husindikiza anayetaka kusindikizwa, kituoni au hospitalini, na wanajua utaratibu wa fomu ya PF3. Wanakaa naye kwenye benchi la kusubiri. Hawaulizi mkasa. Hawapigi picha. Mahindi na mpunga wa mnada bado yanatolewa, yanapelekwa majumbani kwa familia zinazowatunza, na mzee wa kanisa anaandika ni debe ngapi na zimekwenda wapi, na wengine wawili wanatia sahihi. Mabinti waliobaki katika nyumba ile wanajua milango yetu ilipo, na baadhi wamekuja.

Tunajua kwamba wengine hawakuja. Wapo ambao tangu tulipotoka hatujawaona, na hatuna uwezo wa kuingia pale kuwatazama. Hiyo ni gharama halisi na hatutaifunika kwa maneno mazuri. Ndiyo sababu hatumwambii mtu yeyote kwamba kutoka ni jambo jepesi, wala hatumshauri mtu atoke mahali popote kwa sababu hakupewa cheo, au hakukubaliana na rangi ya fulana za maandamano. Ugomvi wa viti na ugomvi wa dhamiri ni vitu viwili. Kipimo chetu ni hiki: je, jambo linalobishaniwa linamgusa yule aliyeumizwa? Je, umelisema kwa mdomo na kwa maandishi? Je, ukiendelea kukaa, jina lako linatumika kumdhuru? Kama jibu ni ndiyo mara tatu, toka, utoke mchana, kwa barua yenye sahihi, na umwachie mlango mwenzako.

Neno letu la mwisho ni kwa sharika zetu wenyewe. Ni rahisi kulisoma andiko hili kama habari za shirika fulani huko. Tuombe basi kila baraza la wazee lijiulize maswali yale yale. Binti wa usharika akidhalilishwa na mwalimu wa kwaya, tutakwenda Dawati la Jinsia au tutaitisha kikao cha "kulinda jina la kanisa"? Ushuhuda wa madhabahuni, mtoto anaulizwa kwanza, faraghani, na anaruhusiwa kukataa? Sadaka ya wahitaji, ina funguo ngapi? Tunaomba kila usharika uwe na watu wawili, na mmoja wao awe mwanamke, wanaojulikana kwa majina kwamba ndio wa kuendewa. Tunaomba namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo ni ya bure, ibandikwe kwenye mlango wa kanisa pamoja na matangazo ya ndoa. Na tunaomba atakayesimama kuhoji uongozi wa huduma yoyote ya huruma, ya kwetu ikiwemo, asiitwe msaliti kabla barua yake haijasomwa.

Na barua zetu mbili bado zipo. Yeyote katika uongozi wa shirika lile anayetaka kuzijibu, hata leo, atatukuta tayari. Tulichoomba ndani yake kingali kile kile: mtoto aulizwe, kosa lifikishwe panapohusika, hesabu isomwe. Siku hayo matatu yatakapofanyika, tutarudi na magunia yetu, na hatutadai kiti chochote kwenye kamati.